Kabla hujaandika "Wayahudi" kwenye safu

Juzi nimefungua faili la mwanagenzi nikakuta safu ya asili ina neno moja tu kwa sampuli zote: "Wayahudi". Wadogo zangu, nawapenda, lakini mwaka wa tatu huu nalisema jambo hilohilo.

1. Usichanganye makundi kabla ya kuyatazama. Kosa hili nimelifanya, na linaniuma hadi leo. Nilikabidhiwa matokeo ya kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ya wanaume wa Kiyahudi wenye asili ya Kurdistani, Iraki na Yemeni, pamoja na Waashkenazi wa Ulaya. Nikawatia wote kapu moja, nikatoa asilimia moja, nikaiwasilisha mbele ya watu. Msimamizi wangu alinyamaza, kisha akasema, "Hebu wagawe." Nikawagawa. Wenye asili ya Kurdistani, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Waashkenazi, karibu hakuna. Wastani wangu haukuwa wa mtu yeyote, na daktari angeweza kuuamini akampa primakwini, dawa ya malaria, mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu zingepasuka. Mimi mtoto wa Tanga, ninayejua kwamba upungufu huu umeenea kwetu kwa sababu ya malaria, sikuuliza hata mababu wa watu hawa waliishi wapi! Nilikuwa nimeingia maabara na hadithi ya taifa moja, damu moja, nikaitafuta kwenye namba.

Walionitangulia yaliwapata. Nurit Kirsh alichambua makala za wanajenetiki wa Israeli za miaka ya 1950, akaonyesha jinsi ari ya kujenga taifa ilivyopenya kazi yao bila wao kujua, wakielemea kutafuta asili ya pamoja. Wako pia wanaokuja wakitaka kukanusha asili hiyo, nao hupima wakiwa na jibu mkononi.

2. Andika walikozaliwa babu na bibi wote wanne.

3. Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa mtoto, usiuite "ugonjwa wa Wayahudi". Daktari Bernard Sachs aliueleza New York mwaka 1887, na sifa ya kuwa wa Wayahudi ikaganda. Lakini miongoni mwa wanaoupata wamo Wakanada wenye asili ya Kifaransa mashariki mwa Quebec, wamo Wakajuni wa Louisiana, Marekani, nao wenye asili ya Kifaransa. Mtoto wao asikose kipimo kwa sababu ya jina la ukoo.

Mwenye faili lile, kesho saa mbili asubuhi njoo na fomu za sampuli. Tutaijaza safu ile upya, mstari kwa mstari.