Santuri au faili: niliyojifunza kwa hasara

Santuri yangu ya kwanza ya house, muziki wa dansi wa kielektroniki, niliiagiza Berlin. Ilipofika Dar es Salaam, gharama za usafiri na ushuru zilikuwa zimeshaipita bei yenyewe. Niliichukua mchana, nikaiacha kiti cha nyuma cha gari, nikaenda kula. Nyumbani nikaiweka kwenye mashine: ukingo umejikunja, sindano inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi ya kusi, na sauti yote inayumba nayo. Santuri ni plastiki, na plastiki hulegea kwenye joto. Haikunyooka tena.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, hasa kama unapiga muziki kwenye shughuli, anza na faili ya muziki ya kupakua. Ila inunue. Niliwahi kupiga harusini wimbo niliounyofoa kwenye video ya mtandaoni. Kwenye simu ulikuwa safi. Kwenye spika kubwa matoazi yalisikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Chukua WAV au FLAC, aina mbili za faili zinazobeba sauti kamili. WAV yenye ubora wa CD inakula kama MB 10 kwa dakika. FLAC mara nyingi hushuka hadi karibu nusu ya hapo bila kupoteza chembe ya sauti. Bando likibana, MP3 ya kbps 320, ubora wake wa juu kabisa, itakuvusha. Na weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ndiyo iliyonifumbua macho. Imepikwa kwenye kompyuta za uswahilini, Manzese na Mburahati, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ikasambaa kwa memori kadi na simu. Faili ndiyo asili yake. Wapo wanaoniambia singeli haijawa muziki kamili mpaka ichapwe kwenye santuri Ulaya. Siafiki hata kidogo. Ukipakua Sounds of Sisso, albamu ya singeli ya mwaka 2017, pale Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hujapungukiwa na kitu.

House ya Chicago na techno ya Detroit za miaka ya 1980 ni habari nyingine. Zile zilitengenezwa zikijua zitachezwa kwenye santuri za inchi 12, na baadhi hazijawahi kutoka kwa njia nyingine. Hizo najikaza nazinunua. Lakini kabla ya kulipa, tazama urefu wa kila upande. Wimbo mmoja kwa upande, mizunguko 45 kwa dakika, mifereji inapata nafasi na besi inapumua. Zikibanwa dakika 25 upande mmoja, sauti inashuka, na kadiri sindano inavyokaribia katikati matoazi yanafifia. Uliza pia kama santuri inakuja na faili zake. Bandcamp wauzaji wengi hukupa vyote kwa malipo yale yale.

Zangu sasa ni kumi na moja tu. Zimesimama wima kabatini, upande usiopigwa na jua, na mzigo mpya ukifika naufuata jioni.