Je, ni dhambi kushindwa kushukuru Krismasi mtoto akiwa mgonjwa?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Ninaishi Nyalenda, hapa Kisumu. Kitinda mimba wetu ana miaka sita na ana ugonjwa wa selimundu. Mwezi huu alilazwa kwa maumivu ya mifupa, damu ikapungua sana hadi akaongezewa. Ametoka wodini juzi. Watu wa mume wangu kule Vihiga wanasema ni laana ya ukoo iliyotoka kwetu. Mtumishi wa ushirika ninakosali ameniambia nilete mbegu ya shilingi 10,000 siku ya Krismasi ili laana ivunjwe, niache dawa kama ishara ya imani, na nimshukuru Mungu kwa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa imeandikwa tushukuru kwa kila jambo. Nimejaribu, maneno hayatoki. Je, ninatenda dhambi?

JIBU: Hapana, dada yangu, hutendi dhambi. Na dawa usiache hata siku moja. Nimetanguliza hayo mawili kwa sababu swali lako limenisumbua tangu nilisome. Mtoto anaweza kufa kwa ushauri uliopewa, na aliyeutoa amesimama madhabahuni.

Nianze na laana, maana ndiyo inayobeba mengine. Wanaoihubiri huishika Kutoka 20:5, Mungu apatilizaye wana maovu ya baba zao, wakaishia hapo. Hawafiki Ezekieli 18, ambako Bwana anawakemea Israeli kwa mafundisho hayohayo na kusema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hawafiki Yohana 9, wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alijibu: si huyu wala wazazi wake. Na hata kama laana ingekuwapo, Wagalatia 3:13 yasema Kristo ametukomboa kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Anayekuuzia ukombozi huo kwa shilingi 10,000 anauza kitu kilichokwisha kulipiwa msalabani.

Tena ugonjwa huu hautoki upande mmoja. Mtoto huwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu, baba na mama wote wawili wanapompa kila mmoja chembe ya urithi ya ugonjwa huo. Wazazi wakiwa wote AS, yaani kila mmoja amebeba chembe moja tu bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo mumeo naye amechangia, bila kosa lolote, kama wewe. Na iko sababu hali hii imeenea huku kanda ya ziwa: mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Huenda babu wa mumeo alivuka utoto wake kwa ajili ya hicho hicho ambacho leo jamaa wanakiita laana.

Kuhusu mbegu sitasema mengi. Mariamu na Yusufu walipompeleka Yesu hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ambayo torati ilimwekea mama asiyeweza kununua mwana-kondoo (Luka 2:24, Walawi 12:8). Mungu hakuwadai zaidi. Mchango wa chini kabisa wa SHA, bima ya afya ya serikali, ni shilingi 300 kwa mwezi. Kama haujalipwa, fedha yako ianzie hapo.

Na huyo mtumishi anayepima imani kwa kutupa dawa ningependa anieleze kwa nini Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na kwa nini alimwagiza Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Paulo hakuwa na imani? Alitembea na Luka, akamwita tabibu mpendwa, wala hakumwambia aache kazi yake.

Sasa shukrani, ambayo ndiyo uliyoniuliza. Aya uliyotupiwa ni 1 Wathesalonike 5:18. Rudi nyuma aya nne tu: Paulo anaagiza kanisa liwatie moyo walio dhaifu na kuwavumilia watu wote. Aliyekutupia ya 18 ameiruka ya 14, nayo ilimhusu yeye. Kisha mtazame Bwana mwenyewe kwenye kaburi la Lazaro. Alilia. Baadaye akainua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Hakumshukuru Baba kwa kifo cha rafiki yake. Basi nani akulazimishe wewe kushukuru kwa mifupa ya mwanao kuuma?

Na Krismasi yenyewe, dada, haikuja bila kilio. Mathayo hajamaliza habari za mamajusi, anamleta Raheli akiwalilia watoto wake, hataki kufarijiwa. Hakuna anayemkemea katika sura ile. Kwa hiyo ukienda ibadani ukashindwa kuimba, kaa uwasikilize wenzako wakiimba. Ukilia, umelia mbele za Mungu aliyekubali kuzaliwa mtoto anayeweza kuumia.

Ila liko jambo moja unaloweza kushukuru bila kujilazimisha. Mtu usiyemjua alitoa damu, ikaingia kwa mwanao. Mtaje mtu huyo mbele za Bwana, bila jina. Wachangiaji wengi wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zimefungwa, kwa hiyo damu huwa haba wakati huu. Wewe usitoe sasa, umechoka. Lakini waambie wanaokuletea aya kwamba kuchangia damu ni shukrani ambayo mgonjwa wa wodini ataipokea Krismasi hiihii.

Kama mnapanda Vihiga, kumbukeni usiku wa kule una baridi kuliko Kisumu, na baridi huweza kuamsha maumivu. Asikeshe kwenye mkesha, avae sweta, anywe maji mara kwa mara, alale ndani ya neti, na dawa za kliniki zitoshe siku zote za safari. Joto la mwili likipanda, msingoje asubuhi wala maombi yaishe. Mpelekeni hospitali, mkiomba njiani.

Mama mkwe usibishane naye mezani. Kliniki ikifunguliwa Januari, mwombe mumeo mwende pamoja, mkapime na watoto wenu wakubwa, na mama aje asikie kwa muuguzi. Yeye pia anampenda mjukuu wake, na nadhani anaogopa.