Umekosa awamu ya kwanza ya udahili wa chuo kikuu na vyuo vingine bado kimya

Mdogo wangu, najua ulivyoifungua ile akaunti ya maombi ukakuta hujachaguliwa. Udaktari uliokuwa ukiutaja tangu sekondari umekwenda kwa wengine. Lia kama unataka kulia, kisha tuongee.

Kwanza ujue ulichokosa. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, pointi zisipungue 6. Hiyo ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zikiwa chache chuo kinaanza kuchukua kutoka juu, na mwenye D tatu anakuwa nyuma ya wenye A na B wengi kweli. Hujafeli, umepitwa. Na tangu 2017 maombi unapeleka chuoni moja kwa moja, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) haikupangii, kwa hiyo chuo kimoja kukukataa hakukiambii kitu chuo kingine.

Sasa jambo linalowaponza wengi kuliko alama. Fomu yako ulijaza mwenyewe au ulijaziwa steshenari? Wengine mlikuwa kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ndugu ndiye aliyewajazia. Nenda ukaangalie namba ya simu na barua pepe iliyoandikwa pale. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri, na namba hiyo hutumwa kwenye simu ile ile. Kama ni ya kijana wa steshenari, ambaye msimu huu amejazia nusu ya mtaa, utamtafuta hadi usiku na siku ya mwisho inapita. Chukua nywila yako leo, ibadilishe, weka laini yako. Hiyo ina faida kuliko kumaliza bando kwa kufungua ukurasa ule ule kila dakika tano.

Awamu ya pili usirudishe ombi lile lile, kozi ile ile, alama zile zile. Vyuo hutangaza kozi zenye nafasi. Zisome zote, hata zile ulizozidharau. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, ina uuguzi, famasia, maabara, afya ya mazingira, ualimu wa sayansi. Ila usichague kozi ili tu upate jibu la kumpa mama mkubwa ambaye mwanawe amepata (atauliza, jiandae). Miaka mitatu au minne utaisoma wewe. Mimi binafsi, kwa anayetaka tiba kwelikweli, naona diploma ya utabibu ina maana kuliko shahada ya kuokoteza: ukimaliza na GPA ya 3.0 unaruhusiwa kuomba udaktari tena.

Nyumbani waambie mapema, na uwaambie pamoja na unachofanya baadaye. Mzazi akisikia kwa jirani anakasirika mara mbili.

Halafu mkopo. Maombi ya Bodi ya Mikopo yana dirisha lake na hayangoji upate chuo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na hapo ndipo watu hukwama wakiacha hadi wiki ya mwisho.