Mita ya mizunguko imelala baada ya kufunga kompyuta mpya ya injini kwenye gari? Usinunue dashibodi kwanza

Ndugu, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikupotoshe. Una Subaru Impreza ya GC8 yenye injini ya EJ20 ya turbo. Umetoa kompyuta ya injini iliyokuja na gari kutoka Japani, ukafunga ya kujitegemea, yaani ile isiyo ya kiwandani ambayo unaipanga mwenyewe kwa laptopu. Injini inanguruma vizuri, ila mita ya mizunguko imelala kwenye sifuri, mshale wa joto hauinuki, na taa ya injini haizimi. Mshale wa mwendo na wa mafuta iko sawa. Fundi anakwambia dashibodi imeungua, ulete nyingine.

Usilete. Mimi nilileta. Nilizunguka Kirinyaga Road hapa Nairobi Jumamosi nzima, nikapata ya mtumba, nikaipakata kwenye matatu kama mtoto mchanga. Kuifunga tu na kuwasha, mshale ukalala palepale alipolala mwenzake. Hadi leo ile ya pili iko juu ya kabati, na kila nikitaja kununua kipuri kingine cha gari, mke wangu huitazama tu bila kusema kitu.

Jibu lako umelitoa mwenyewe uliposema mwendo na mafuta vinasoma. Dashibodi iliyoungua mara nyingi haichagui. Kila mshale una njia yake: mafuta yanasomwa kutoka kwenye tangi, mwendo unatoka kwenye gia boksi, na hakuna kati ya hizo inayosubiri ruhusa ya kompyuta ya injini. Mizunguko ndiyo inayotoka kwa kompyuta. Kwa hiyo anza na ule waya mmoja.

Jambo ambalo mafundi wengi wa waya hawakwambii ni kwamba kompyuta nyingi za kujitegemea hazisukumi umeme kwenye waya wa mizunguko. Zinauvuta chini hadi sifuri, kisha zinauachia. Ni kama mlango wa duka wenye springi: wewe unausukuma, springi inaurudisha. Kama hakuna springi, ukishausukuma umebaki wazi. Mara nyingi kompyuta ya zamani ilikuwa na springi yake ndani, nayo ni rezista inayopandisha waya hadi volti 12. Ukitoa kompyuta, umetoa na springi.

Pima hivi. Chomoa soketi ya kompyuta mpya, washa funguo bila kupiga injini, weka multimita kwenye waya wa mizunguko unaokwenda kwenye dashibodi. Ukisoma karibu na volti 12, springi iko ndani ya dashibodi na tatizo liko kwingine, pengine kwenye mipangilio. Ukisoma sifuri, umepata mgonjwa. Nenda Luthuli Avenue, omba rezista ya ohm 1,000, nusu wati. Bei yake haifiki chai na mandazi mawili. Mguu mmoja uunge kwenye waya wa mizunguko, mwingine kwenye waya unaopata volti 12 funguo ikiwashwa tu. Usiuunge moja kwa moja kwenye betri, la sivyo unaacha mlango wa umeme wazi usiku kucha. Lehemu, usisokote na kufunga selotepu. Joto la Mombasa Road kwenye foleni litaibandua mapema.

Baadaye angalia hesabu. Injini ya silinda nne inatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika multimita yenye kipimo cha Hz (mapigo kwa sekunde) isome 100. Programu nyingi za kompyuta hizi zina sehemu ya kujaribu tokeo, yaani waya unaotoka kwenye kompyuta: tuma Hz 100 injini ikiwa imezima, na mshale usimame kwenye 3,000. Ukisimama kwenye 6,000, unatuma mapigo maradufu. Ukisimama kwenye 2,000, kuna mtu aliwahi kukufungia dashibodi ya gari la silinda sita. (Nimeliona hilo mara moja, na mwenye gari alikuwa ameendesha miaka miwili akijivunia injini yake isivyopanda mizunguko.)

Wenye Toyota za injini ya 4A-GE wanaosoma hapa: kwenu mapigo ya mita yanatoka kwenye ignaita (kifaa kinachowasha na kuzima koili ya plagi), siyo moja kwa moja kwenye kompyuta. Mkiitupa ignaita ili mfunge koili juu ya plagi, mita imekufa hapohapo hadi mpate chanzo kingine cha mapigo.

Sasa joto, na hapa tafadhali usiendeshe gari hadi umalize. EJ20 yako ina sensa mbili za joto la maji, zimekaa jirani kwenye bomba la juu ya injini. Yenye nyaya mbili ni ya kompyuta. Yenye waya mmoja ni ya dashibodi, na haina uhusiano wowote na kompyuta uliyofunga. Kama mshale ulikufa siku ileile, basi mkono wa mtu ulipita pale. Ama waya umeachwa ukining'inia, ama sensa ilifunguliwa ikarudishwa na tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba. Hiyo sensa inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kupitia nyuzi zake za chuma kwenye injini. Ukiizungushia tepu nyingi, umeitenga. Mimi ndiye niliyeiweka hiyo tepu kwenye gari langu, simlaumu fundi yeyote.

Kuithibitisha ni rahisi: chomoa ule waya mmoja, funguo ikiwa imewashwa uguse chuma cha injini kidogo tu. Mshale ukianza kupanda, geji ni nzima na waya ni mzima. Shida ni sensa au ethi yake. Usiushikilie pale mpaka mshale ufike mwisho.

Nasisitiza kwa sababu hapa Nairobi, kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, maji yasiyo na shinikizo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Kifuniko cha rejeta kilichochoka kikiungana na mshale usioinuka, ukipanda kuelekea Limuru utajua gasketi ya hedi ni bei gani bila kuuliza dukani.

Taa ya injini sitaki kuipa nafasi kubwa. Balbu inapata umeme upande mmoja, kompyuta inaunganisha upande wa pili kwenye ethi. Ikiwaka muda wote, ama tokeo limegeuzwa kwenye programu, ama waya unagusa bodi. Chomoa soketi ya kompyuta: taa ikizima, rekebisha programu, isipozima, fuata waya.

Jambo moja uliloliandika chini, kwamba kwenye laptopu shinikizo la hewa linasoma kPa 83 injini ikiwa imezima na video za Marekani zinaonyesha 100, ukadhani sensa imeharibika. Sensa ni nzima. Hewa yetu ndiyo nyembamba. Kati ya 82 na 84 ndiyo namba ya mji huu, na mtu akikurekebishia isome 100 atakuharibia mchanganyiko wa mafuta.

Jaribio la mwisho kabla ya kumlipa mtu: usiku, washa taa kubwa na feni, tazama mishale ya mafuta na joto. Ikiyumba pamoja, ethi ya dashibodi ni mbovu. Pima kati ya ethi hiyo na hasi ya betri vitu vyote vikiwa vimewashwa. Zaidi ya volti 0.1, safisha bolti hadi chuma king'ae.

Anza na ule waya wa mizunguko, soketi ikiwa imechomolewa, uniletee namba uliyosoma. Na uniambie ni volti ngapi, usiniambie "iko na moto".