Maswali na Majibu: Ubongo unapougua, sukari inakwenda wapi?

Mama yangu ameanza kusahau hata majina ya wajukuu. Kila asubuhi namkorogea glukosi ya kopo ili ubongo upate nguvu. Nafanya vizuri? (Ngamiani, Tanga)

Pole sana, dada. Nia yako ni njema, lakini glukosi hiyo iache, hasa kama hajapimwa kisukari. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na ni kweli kwamba wenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, ubongo wao hutumia sukari kidogo. Lakini hiyo haina maana kwamba sukari imepungua kwenye damu. Shida ni namna inavyotumiwa ndani. Maikroglia, seli za ulinzi wa ubongo, zikikutana na mabonge ya protini ya ugonjwa huu huacha kuichoma sukari taratibu kwa oksijeni, zikaanza kuivunja harakaharaka. Kila glukosi moja hapo hutoa molekuli 2 tu za nishati. Kwa oksijeni zingepatikana takriban 30. Kwa muda mfupi zinapambana vizuri. Hali hiyo ikidumu miaka, huchoka, na seli za neva zilizo jirani huumia.

Mpeleke hospitali ya Bombo apimwe sukari, presha, tezi ya shingo na vitamini B12. Usahaulifu wa aina nyingine hutibika, msikate tamaa mapema.

Mbali na hizo za ulinzi, kuna seli nyingine zinazousaidia ubongo? (Chumbageni)

Zipo, na mimi astrosaiti ndizo zinazonishangaza zaidi. Hupokea glukosi kutoka kwenye mishipa ya damu, huigeuza lakteti, kemikali inayoweza kutumika kama nishati, na kuzigawia seli za neva. Zikiugua, mafuta hujaa ndani yake. Alois Alzheimer mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1907 kwamba ameyaona mafuta kwenye seli saidizi za mgonjwa wake, jambo lililopuuzwa kwa miongo mingi.

Mwanangu ana kifafa. Nasikia kuna lishe ya mafuta mengi inayotuliza. (Makorora)

Ipo, ilianza kutumika Marekani mwaka 1921. Wanga ukipunguzwa sana, ini hutengeneza ketoni kutokana na mafuta, na ubongo huzitumia badala ya glukosi. Hupewa zaidi watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza, chini ya uangalizi wa daktari na mtaalamu wa lishe, kwa vipimo vya kila mlo. Usiijaribu nyumbani kwa kukisia, na dawa zake usizikatize: kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma.