Sauti tupu za "California Dreamin'": namna ya kuzitenga na nini cha kusikiliza

Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya kwanza haitafutwi, inakuja yenyewe. Kazi iko kwenye sauti za kati. Katika rekodi za folki-roki za Marekani za miaka ya 1960, yaani magitaa ya akustika yaliyowekewa dramu na besi ya umeme, sauti hizo za kati ndizo zilizopangwa kwa ufundi mkubwa kuliko kitu kingine chochote, na ndizo zinazozama kwanza ukisikiliza kwa spika ya simu. "California Dreamin'" ya The Mamas & the Papas ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu imejengwa kwa mwito na mwitikio. Sikio lililozoea kiongozi na waitikiaji linapata pa kushika tangu mstari wa kwanza.

Kabla ya kutenga chochote, ijue rekodi yenyewe. Waimbaji wa kundi ni wanne: John na Michelle Phillips, Denny Doherty na Cass Elliot. John na Michelle waliutunga wimbo mwaka 1963 wakiwa New York. Mwaka 1965, huko Los Angeles, kundi liliimba nyuma ya mwimbaji Barry McGuire katika toleo lake, kisha mtayarishaji Lou Adler akaitumia traki ileile ya vyombo kwa ajili ya kundi lenyewe. Sauti ya McGuire ikaondolewa, ya Denny Doherty ikawekwa mahali pake, na pale palipotakiwa soloo Bud Shank akapuliza filimbi ya alto. Fundi mitambo alikuwa Bones Howe. Kufuta mkanda hakukukamilika: katika toleo la stirio, mwanzoni kabisa, upande wa kushoto, McGuire bado anasikika kwa mbali. Usiruke habari hii ukadhani ni umbea wa studio, kwa sababu itakusumbua baadaye programu itakapokupa "mwimbaji" ambaye humtarajii.

Faili unayoanza nayo ndiyo inayoamua mengi. Tafuta toleo la stirio la albamu katika WAV au FLAC, la biti 16 na kHz 44.1. MP3 ya kbps 128 haifai. Ili kupunguza ukubwa, MP3 hutupa zaidi ile tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia, nayo ndiyo sehemu ya ushahidi tunaoutaka. Ukitenga sauti kutoka kwenye faili hiyo utasikia mlio wa maji ukitiririka nyuma ya kila "s", na utailaumu programu bure. Toleo la mono la santuri ndogo ni tamu kulisikiliza likiwa zima, lakini kwa mbinu za kushoto na kulia halina msaada. Jihadhari pia na matoleo yaliyorekodiwa upya au ya jukwaani yanayobeba jina lilelile. Kama husikii filimbi katikati ya wimbo, umepakua kitu kingine.

Mbinu ya zamani haihitaji programu ya kisasa. Katika miaka hiyo mashine za studio zilikuwa na traki chache, hivyo katika stirio mambo mengi yalisukumwa kushoto kabisa au kulia kabisa. Vaa hedifoni za waya, toa upande mmoja sikioni, sikiliza wimbo wote. Kisha badilisha upande. Andika kwenye karatasi nani yuko wapi. Baada ya hapo fungua faili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, gawanya stirio iwe mono mbili, geuza wimbi la upande mmoja juu chini (Invert), halafu zichezeshe pamoja. Kilichokuwa sawasawa pande zote kinafutika, kinabaki kilichokuwa pembeni. Mara nyingi kitakachobaki ni mwangwi wa sauti bila sauti yenyewe, kama mtu anayeimba chumba cha pili, na hilo si kosa lako: mwangwi ulisambazwa pande zote mbili bila kulingana, kwa hiyo haufutiki. Mbinu hii inatumia dakika 10, na inakufundisha ramani ya wimbo kuliko utengaji wa mashine.

Kwa utengaji wenyewe, programu ya Demucs ndiyo tunayoipendekeza. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila kupandisha faili popote. Inahitaji Python na FFmpeg. Ukishaiweka kwa `python3 -m pip install -U demucs`, amri ni hii:

`demucs --two-stems=vocals wimbo.wav`

Inatoa faili mbili ndani ya folda ya `separated`: `vocals.wav` yenye sauti za waimbaji, na `no_vocals.wav` yenye vyombo. Bila kadi ya picha, kompyuta ya kawaida inachukua takriban mara moja na nusu ya urefu wa wimbo, kwa hiyo wimbo huu wa dakika 2 na sekunde 40 hivi utamalizika kabla chai haijapoa. Ukiongeza `-n htdemucs_ft`, yaani modeli nyingine (mfumo uliofunzwa kutambua sauti), utasubiri mara nne zaidi. Kwa kordi za sauti nyingi inafaa kujaribu, ila usitegemee muujiza. Spleeter, programu nyingine ya aina hiyo iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, ina kasi zaidi, lakini modeli zake za kawaida hukata kila kitu kilicho juu ya kHz 11, na pumzi za waimbaji zinakuwa butu. Asiyependa kuandika amri atumie Ultimate Vocal Remover, ambayo ina vitufe na inaweza kuendesha modeli za Demucs ndani yake.

Sasa usidanganyike. Programu hizi zinatenga waimbaji na vyombo. Hazimtengi Michelle Phillips na Cass Elliot. Katika `vocals.wav` watu wote wanne bado wamo kwenye chungu kimoja. Ekolaiza nayo haitawatenganisha, ingawa watu hujaribu sana. Ukikata kila kitu chini ya Hz 300 sauti za kiume zitakonda, lakini hazitaondoka, kwa sababu kila noti ya besi ina milio yake ya juu inayoingia katika eneo lilelile la wanawake. Kutoka hapo kwenda mbele chombo ni sikio.

Viko vitu vitatu vitakavyoharibika karibu kila mara. Cha kwanza ni filimbi. Filimbi ya alto inashuka hadi karibu Hz 196, inapita katika eneo la sauti ya pili ya kike, na ina pumzi kama mtu. Modeli hujikanganya, vipande vyake vikaingia kwenye faili ya waimbaji na vingine vikabaki kwenye vyombo. Usihangaike navyo, kata sehemu hiyo yote, hakuna anayeimba hapo. Cha pili ni vitu vya mlio mkali, matoazi na kadhalika, ambavyo viko sehemu moja na herufi "s" na "t", kati ya kHz 5 na 8. Ukisikia "s" inameta kama chuma, hiyo si midomo ya waimbaji. Cha tatu ni McGuire, tuliyekwisha mtaja. Kivuli cha sauti upande wa kushoto mwanzoni si sauti ya tano ya mpangilio, ni mkanda ambao haukufutwa vizuri.

Baada ya hayo ndipo usikilizaji unapoanza. Weka sauti kiasi cha mazungumzo tu. Ukipandisha sana, sauti ya juu inafunika zote na sikio linachoka ndani ya dakika chache.

Anza na mwito na mwitikio. Mwito uko kwa wanaume, Doherty akiwa mbele. Mwitikio unabebwa na wanawake, Michelle juu na Cass chini yake. Pita wimbo mara moja ukisikiliza kitu kimoja tu: mwito unakatika wapi na mwitikio unaingia wapi. Je, kiongozi amenyamaza, au bado ameshikilia noti ya mwisho wakati wengine wanaingia? Pale zinapopandana ndipo kordi kamili inapopatikana. Katika nyimbo nyingi za kwetu waitikiaji humjibu kiongozi kwa maneno mengine au kwa kiitikio kisichobadilika; hapa wanamrudishia maneno yaleyale yakiwa na noti nyingine, hivyo unaweza kulinganisha neno kwa neno. Ubeti unaosimulia kuingia kanisani unafaa zaidi kwa zoezi hili kwa sababu kiongozi anabaki peke yake kwa uwazi.

Kisha chagua kipande cha sekunde 3 au 4, kizungushe, na upunguze kasi hadi asilimia 75 bila kushusha noti. Audacity inafanya hivyo kwa kubadilisha tempo. Chini ya asilimia 50 sauti zinaanza kutetemeka kama redio mbovu, na mtetemo huo utauandika ukidhani ni ufundi. Fuata sauti ya juu kabisa kwanza, iimbe hadi uishike bila kusikiliza. Pili fuata ya chini kabisa. Zikishakaa kichwani, imba ya juu huku unasikiliza; kile kinachogongana na ulimi wako kati ya hizo mbili ndicho sauti ya kati. Ukiitafuta moja kwa moja, sikio linateleza kwenda juu kila mara.

Andika unachokisikia kwa sol-fa, kama kwaya zinavyofanya. Wimbo uko C# maina. Gitaa linapigwa maumbo ya A maina likiwa na kapo (kibano cha nyuzi) kwenye freti ya nne. Kwa hiyo do ni E, na nyumbani ni la. Mwendo wa kordi unaobeba mstari wa kwanza unashuka na kupanda hivi: la, so, fa, so, halafu unatua kwenye mi. Hapo kwenye mi ndipo utamu ulipo. Kordi haifiki moja kwa moja. Kwanza inashikiliwa ikiwa na mi, la, ti na re, kisha la inashuka nusu toni kuwa se (so iliyopandishwa). Gitaa linafanya hivyo waziwazi. Ukiwa na sauti tupu jiulize: ni nani aliye karibu na la wakati huo, na je, anashuka pamoja na gitaa, anatangulia, au anakaa alipo? Zungusha sekunde hizo mara 20 ikibidi. Mtu akiniuliza ni sehemu ipi moja ya wimbo wa kutenga kama muda hautoshi, jibu ni hiyo.

Ukikagua noti kwa kinanda, utashangaa baadhi zinaonekana zimepotoka. Waimbaji wanaosikilizana husogeza noti ya tatu ya kordi. Katika kordi meja huishusha kama senti 14 (senti 100 ni nusu toni) chini ya kinanda, katika maina huipandisha kama 16, ili kordi itulie. Mashine za zamani za mkanda nazo hazikuzunguka kwa kasi sawasawa kabisa, hivyo wimbo mzima unaweza kuwa juu au chini ya A ya Hz 440. Kwa hiyo pima kwanza besi au gitaa kwa programu ya kutyuni, rekebisha faili nzima kwa senti ulizopata, ndipo umhukumu mwimbaji.

Unene wa sauti una maelezo ya kawaida tu: waliimba tena juu ya sauti zao wenyewe, wanne wakasikika kama wanane. Utaitambua rudufu hiyo kwenye konsonanti. Neno linaloishia na "t" litakuwa na "t" mbili zilizopishana kidogo sana, na noti ndefu zitapumua taratibu, kwa sababu sauti ya Hz 440 na ya Hz 442 zikiwa pamoja hutoa mapigo 2 kwa sekunde. Ukihesabu mapigo hayo unajua walitofautiana kwa kiasi gani. Ona pia kwamba mtetemo wa koo ni mdogo sana kwenye mwitikio. Mtetemo mkubwa ungevunja kordi, na kwaya nyingi hujiharibia hapo hapo kwa kutaka kila mtu asikike.

Kordi ikikaa sawasawa, milio ya juu ya sauti zote inajumlika na kutoa noti ambayo hakuna aliyeiimba. Kundi hili liliijua na kuipa jina, Harvey, mwimbaji wao wa tano. Tahadhari: katika sauti iliyotengwa kwa mashine Harvey ndiye wa kwanza kupotea, maana modeli huona milio ile ya juu ni mali ya gitaa. Mtafute kwenye rekodi nzima, kwa hedifoni nzuri, mwishoni mwa mwitikio.

Kipimo cha mwisho ni `no_vocals.wav`. Icheze, imba sauti ya kati peke yako kuanzia ubeti wa kwanza, halafu rudia kwenye ubeti wa mwisho, ambao unarudisha maneno yaleyale baada ya filimbi. Kama unavutwa kwenda sauti ya kwanza, karibu kila mara ni kwenye silabi ndefu inayomaliza mstari. Rudi kwenye kordi ya mi, imba se peke yake juu ya gitaa mara kadhaa, ndipo uunganishe na mstari.