Kwa mwalimu anayeanza: anzia mlangoni, galaksi itafika

Vitabu vingi hulianzia somo la mahali tulipo ulimwenguni juu kabisa: galaksi, mfumo wa Jua, Dunia, bara, nchi, mji, mtaa, nyumba. Watoto hukariri mlolongo huo upesi na kuuimba kwa sauti moja. Usidanganyike na wimbo. Muulize mmojawapo, "Ukitoka mjini kwenu, umeshatoka nchini?" Wengi wa miaka 6 au 7 watakujibu ndiyo bila kusita.

Kinachowatatiza ni kule kuwa ndani ya kitu ambacho nacho kimo ndani ya kingine. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwahoji watoto wa Geneva na kukuta wadogo wakikataa katakata kwamba mtu anaweza kuwa wa Geneva na wakati huohuo akawa Mswisi. Walipochora, mji na nchi vilikaa bega kwa bega. Nawe anza hivyo: mpe kila mtoto karatasi, achore duara la mji wake na duara la nchi yake, na usimwoneshe namna. Michoro hiyo itakueleza nani yuko wapi kuliko mtihani wowote.

Halafu toka nao nje ukiwa na chaki. Chora maduara makubwa, moja ndani ya jingine: nyumba, mtaa, mji, nchi, bara. Mtoto asimame katikati, wenzake wawe waamuzi. "Toka nyumbani, usitoke mtaani." Anapiga hatua moja. "Toka mjini, usitoke nchini." Hapo makelele huanza, maana kuna atakayeruka mpaka barani na kuna atakayegoma kusogea. Waache wabishane, usikimbilie kuwapa jibu. Yupo pia yule mtundu wa kukanyaga mstari, mguu mmoja huku na mwingine kule, akuulize yuko wapi. Swali lake ni zuri. Mwambie mistari ya mtaa, mji na nchi imechorwa na watu, na watu wameshaibadilisha mara nyingi.

Nyumbani napo pana mtego. Wapo watoto wenye nyumba mbili, wapo waliohama majuzi, wapo wasiopenda kusema wanalala wapi. Ukiwa na shaka, duara la kwanza liwe darasa. Na anwani kamili ya mtoto isibandikwe ukutani. Ikiishia mtaani inatosha.

Kutoka bara kwenda Dunia usipite mbio, ingawa kwenye kitabu ni mstari mmoja tu. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule za msingi Marekani. Walikuta watoto wanaosema Dunia ni mviringo, kama walivyofundishwa, lakini vichwani mwao watu wanaishi juu ya sakafu bapa ndani ya tufe lenye uwazi. Wengine walikuwa na Dunia mbili: ya mviringo iko angani, na hii bapa tunayoikanyaga. Kwa hiyo jibu "mviringo" lisikuridhishe. Chora duara, weka vijitu juu, chini na pembeni, kila kimoja kimeshika jiwe, kisha waulize jiwe likiachiwa litaangukia wapi, wakuchoree mshale. Mpaka mishale yote ielekee katikati ya duara, bado hamjamaliza.

Baada ya hapo, maduara yaliyokusaidia yanaanza kukusaliti, kwa kuwa yanaonesha hatua zinazolingana. Achana nayo, chukua mpira wa miguu uwe Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni kichwa cha pini chenye upana wa milimita 2, na kinakaa mita 24 hivi kutoka kwenye mpira. Mwezi ni kinukta kilicho sentimita 6 tu kando ya pini. Wapime kwa hatua zao wenyewe. Neptuni, sayari ya mbali zaidi, iko mita 700 na ushei, na huko huna haja ya kuwapeleka. Waoneshe tu upande. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, ingekuwa umbali wa zaidi ya kilomita 6,000. Watanyamaza kidogo. Nawe nyamaza.

Kwa galaksi mpira haufai tena. Tumia mwanga: hutufikia kutoka Mwezini kwa sekunde moja na kitu, kutoka kwenye Jua kwa dakika 8 hivi, kutoka kwenye Proxima kwa miaka 4 na kidogo, na kuivuka Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, huchukua miaka kama 100,000. Sema pia kwamba hatuko katikati yake: Jua liko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ule ukanda mweupe wa usiku ni galaksi hiyohiyo, tunaiona kwa ubavu kwa sababu tumo ndani yake.

Wakubwa hupenda kumalizia kwa kuwaambia watoto jinsi binadamu alivyo kitu kidogo. Mimi sipendi. Mtoto wa miaka 7 hajakuuliza hilo, na wapo wanaorudi nyumbani na hofu. Ukiwa umeanzia mlangoni kwake, anajua njia ya kurudi.

Kwenye kupima, usiwaambie wataje orodha. Wapange wawili wawili, kila mmoja aandike anwani yake kuanzia mtaa hadi galaksi, kisha watafute mstari wa kwanza unaofanana. Wa mtaa mmoja watamaliza papo hapo. Halafu wape anwani ya mtoto wa bara jingine, na mwisho ya rubani aliyeko kwenye chombo karibu na Mwezi. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonesha nani ameelewa.